Moto ya kwanza na zile sentimetre 84

Matangazo ya kazi tunayotumiana kila juma yanafananaka. Diplome A0 ao A1 ya agronomia, ya maendeleo ya vijiji ao ya afya ya jamii. Uzoefu wa miaka miwili. Kifaransa na Kiswahili. Kompyuta. Kisha, chini kabisa, kama kitu kidogo: kujua kuendesha moto kwenye barabara mbaya. Ule mstari hatuusomaki vizuri. Tunajisemea, moto, nani hajui moto? Tumepanda moto tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Kweli, tumepanda. Nyuma ya taximani.

Mimi ule mstari ulinirudisha nyumbani, na memwari yangu ikiwa na alama nzuri. Kwa hiyo leo siandiki juu ya CV wala barua ya motivasyo. Nataka nikosoe moto vile tunavyokosoaka kitabu mu oditwari: aliyeitengeneza alikuwa anamuona nani mu kichwa? Nani amewekwa ndani, nani ameachwa nje? Na sisi tunaonunua moto ya kwanza ya udongo, ya milima, ya matope ya Walungu na Mwenga, kwa nini tunaichagua vibaya hivi?

Nieleze kwanza siku ya testi. Uwanja ulikuwa nyuma ya ofisi, udongo mwekundu, mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Tulikuwa sita, mwanamke mimi peke yangu. Moto ilikuwa Yamaha XTZ 125, safi, karibu mpya. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa kuitazama: kuanza, kuzunguka bidoni mbili kwa kufanya alama ya nane, kupanda kale kamlima, kusimama katikati, kuanza tena. Nane niliifanya. Kwenye mlima nikasimama, nikashusha mguu wa kuume, na mguu haukukuta kitu. Upande ule udongo ulikuwa umeshuka kidogo, labda kwa kiganja kimoja tu. Moto ikaanza kulala polepole. Mutu akiwa na kilo 54 hasimamishi moto ya kilo zaidi ya 100 ikishapita kiasi fulani cha kuinama. Tukaenda chini pamoja.

Wa kucheka walicheka. Shofere mmoja mzee ndiye alikuja kuinua. Akaniambia: "Mama, moto haiko mubaya. Na weye hauko mubaya. Tatizo njo iko hapa katikati." Akaonyesha na kidole ile nafasi kati ya soli ya kiatu changu na udongo.

Ile nafasi njo habari yangu yote ya leo.

Kiti cha XTZ 125 kiko sentimetre 84 juu ya ardhi, na kimo changu ni metre 1 na 56. Nilipofika nyumbani nilichukua metre ya mushonaji, nikajipima toka kwa mfupa wa chini ya nyonga mpaka kisigino: 71. Fanyeni hesabu. Ni kweli ukikaa resori inashuka, na kiti ni chembamba pale mbele, lakini bado nilikuwa nabaki na ncha za vidole tu. Siwezi kulaumu waliotengeneza. Walitaka moto ambayo injini yake haigongi mawe, yenye gurudumu la mbele la inchi 21 linalopita juu ya mashimo badala ya kuangukia ndani. Kwa kazi hiyo lazima moto isimame juu. Lakini ofisi inayonunua moto kumi za namna moja, kisha inaita watu "wa jinsia zote" waje kufanya testi, imekwisha kuchagua kabla ya testi. Haijui kama imechagua. Moto imechagua kwa niaba yake.

Sasa njoo ku avenue yetu, uulize vijana: mutu anayeanza achukue moto gani ya udongo? Jibu moja tu: "Chukua ya nguvu, utazoea." Nimelisikia kwa mafundi, kwa wanafunzi wenzangu, kwa binamu yangu ambaye hata moto hana. Na wale wa video za Ulaya na Marekani nao wanasema hivyohivyo kwa maneno yao: usichukue 125, baada ya miezi sita utaichoka, chukua 250 mara moja. Mimi naona hili ni shauri baya mara mbili.

Mara ya kwanza, kwa sababu halijui mwanafunzi wa moto anaangukaka wapi. Haanguki akiwa anakimbia. Anaanguka akisimama. Anaanguka akigeuza moto mu njia nyembamba, akingoja ng'ombe wapite, akianza kwenye mlima na ambreyaji haijamkaa mu mkono, akisimama ili aulize njia. Yaani anaanguka kwa mwendo wa kilometre sifuri. Pale nguvu ya injini haisaidii kitu. Kinachosaidia ni uzito mdogo, kiti cha chini, na injini ambayo ukiachia ambreyaji vibaya inakusamehe badala ya kuruka ao kuzimika.

Mara ya pili, kwa sababu wale wa video wanapanda moto siku ya Jumapili, wanaipakia ndani ya gari, wanaenda kuchezea mu pori, wanairudisha ndani ya gari. Kwetu moto njo gari. Inabeba mwenyewe, inabeba kilo 30 za mbegu, wakati wa kurudi inabeba mama mjamzito, kisha juma lote inalala chini ya mabati bila fundi. Kwa zile moto zao za mashindano, ambazo kiti kinapita sentimetre 90 na hazina hata taa, sisemi kitu. Zinapendeza. Tuendelee.

Moto za kweli ambazo kijana wa kwetu anakutana nazo ni chache, na ninataka nizisome moja moja, bila usawa, maana hazistahili usawa.

Yamaha DT 125 njo moto ya utoto wetu. Ile sauti kali, ule moshi wa buluu, ilikuwa inatuambia kama kuna mtu wa ONG amefika mu kijiji. Wengi wetu tulipenda DT kabla ya kujua kusoma. Lakini mapenzi yale yanaharibu ukosoaji. DT ni injini ya mapigo mawili, na injini ya namna hii chini inalala kidogo, kisha ukizungusha inaamka kwa ghafula. Mwenye mkono uliozoea anaifurahia. Anayeanza, mu matope, anaongeza kidogo haipati, anaongeza tena, inaamka yote pamoja na gurudumu la nyuma linakwenda pembeni. Kiti chake nacho ni kirefu. Yule aliyeandikiwa DT ni kijana mwanaume, mrefu, anayependa kucheza. Siyo mbaya, lakini siyo mimi, na wewe pia usijidanganye kwa sababu ya sauti.

XTZ ni mtulivu zaidi. Mapigo manne, inavuta toka chini bila ghafula, inakunywa esansi kidogo, ina freni ya diski mbele. Kwa mtu mwenye metre 1 na 72, anayeanza, ningemwambia achukue hiyo bila kusoma mistari inayofuata. Ningekuwa mrefu, makala haya yangekuwa mafupi.

Halafu kuna AG 100. Hapa nitakaa kidogo, maana ni moto ambayo watu wanaichekaka. "Moto ya wazee." "Moto ya infirmiye titulere." Ni kweli haina sura: mabomba ya chuma ya kukinga injini, porte-bagaji mbele na nyuma, kinga ya mikono kama masikio, na shene imefichwa ndani ya sanduku. Herufi AG zinatoka mu neno la kilimo, na kwa mara ya kwanza ilifikiriwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand, watu wanaozunguka mashamba makubwa nyuma ya kondoo. Na ukiitazama kwa jicho la kukosoa, unaona kama aliyeitengeneza alikuwa na mtu mmoja mu kichwa: mtu ambaye ataanguka. Mabomba yale ni kwa ajili ya kuanguka. Kinga ya manete ni kwa ajili ya kuanguka. Sanduku la shene ni kwa mtu ambaye hataosha moto leo wala kesho. Kiti kiko chini kuliko cha XTZ. Mimi nikikaa, soli zangu mbili zinalala chini. Vitesi ya kwanza ni fupi, moto inatembea kama mtu anayetembea kwa mguu, bila kushikashika ambreyaji. Nikitafuta moto moja iliyoandikwa kwa anayeanza, njo hiyo, na njo ile ambayo hakuna kijana mwenye diplome anataka apigwe nayo picha.

Lakini nisiigeuze kuwa mtakatifu. Injini ni ndogo, CC 97, mapigo mawili kama DT, na kwenye barabara kuu unakuwa nyuma ya kila mtu. Freni zake ni za ngoma mbele na nyuma. Ukivuka mto, ngoma zikilowa, mara ya kwanza unabonyeza na hakuna kitu, lazima uzikaushe kwa kubonyeza kidogo kidogo ukitembea polepole. Ina sanduku lake la mafuta ya kuchanganyika na esansi, na usipolitazama, injini inakufa kifo ambacho hakina dawa ya bei nafuu. Na lile sanduku la shene ambalo nimelisifu lina ubaya wake: kinachofichwa kinasahauliwa. Nimeona AG yenye shene imelegea kama kamba ya nguo ndani ya sanduku safi kabisa.

TVS na Boxer je? Najua mutaniuliza, na muna haki. Ukihesabu magurudumu yanayopanda kwenda Kamituga, wenye kushinda ni hizo, na hakuna mtu anaziita moto ya pori. Kiti ni cha chini, fundi ni kila kona, na pinyo unaikuta hata ku soko ya kijiji. Kama pesa ni kidogo na barabara yako ni kavu, nunua Boxer, ulale usingizi. Shida yake inaitwa udongo wa mfinyanzi. Gardebu ya mbele iko karibu sana na tairi. Matope yanajaa pale katikati, yanashindiliwa, gurudumu linakataa kuzunguka, na unaona taximani anakaa chini anatoa matope na kijiti kila metre mia mbili. Wengi wanang'oa gardebu kabisa, na matope yote yanakuja mu uso. Kisha bomba la moshi linapita chini, mawe yanaligonga. Ni moto nzuri inayofanya kazi ambayo si yake, kama wengi wetu.

Baada ya ile testi nilinunua AG ya zamani. Pesa ilikuwa ya miezi saba ya kufundisha mu shule, pamoja na mchango wa shangazi yangu. Nisingeweza kuichagua peke yangu. Aliyenisaidia ni Papa mmoja mu mtaa wetu, infirmiye wa zamani aliyebeba sanduku la baridi la chanjo juu ya AG kwa miaka mingi mu vijiji vya upande wa Burhale. Hakutazama rangi. Alisimamisha moto, akainua gurudumu la mbele, akageuza gidoni polepole kushoto na kuume kwa kidole kimoja: kama kuna mahali pa katikati panakwama kama mlango wa zamani, maana yake chuma za ndani ya shingo zimekula. Akapitisha kijiti juu ya rayoni akisikiliza, ile iliyolegea inalia tofauti. Akatazama chini ya porte-bagaji kama fremu imechomelewa tena, maana moto za kazi zinabebeshwa mpaka zinapasuka pale. Akalinganisha namba ya fremu na ile ya karte roze, herufi kwa herufi. Mwenye kuuza alianza kukasirika. Papa akamwambia: "Pole baba, mi si polisi. Niko naangalia tu kama huyu mutoto atalala nyumbani."

Kuitengeneza ifuate mwili wangu kulichukua Jumamosi mbili. Hapa njo naona ukosoaji wetu unakosaka kabisa. Tunabishana miezi mitatu juu ya moto gani, kisha siku ya kuipata tunaipanda vile imetoka, kama mtu aliyenunua suti bila kuipeleka kwa mushonaji. Na pesa ya kwanza inakwenda ku vibandiko na taa za rangi. Papa alitumia funguo nne na metre yangu ya kushonea. Hatukununua kitu.

Tulianza na resori za nyuma. Alipima toka kwa chuma ya gurudumu mpaka alama moja ya chokaa juu ya gardebu, mara ya kwanza moto ikiwa imeinuliwa, gurudumu halina uzito. Mara ya pili mimi nimekaa na kasike, buti na mfuko wangu wa kazi. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Maana yake resori zilikuwa zimekazwa kwa mtu mzito mwenye mzigo, na mimi nilikuwa nakaa juu yake kama ndege juu ya waya. Watu wa mashindano wanatafuta moto ishuke kama theluthi ya nafasi yote ya resori mwendeshaji akiwa juu. Kwa moto ya kazi hiyo siyo sheria, lakini inakupa mwelekeo. Tulizungusha zile pete za chini mpaka mahali pa laini kabisa, pande zote mbili sawasawa, na moto ikanipa chini kitu kama vidole viwili. Bila kukata sponji ya kiti! Watu wanaanzaka na kukata kiti, ambacho hakirudi. Tena akanionya: nikibeba mzigo wa kilo 30, nirudishe pete juu, la sivyo nyuma inakaa, mbele inakuwa nyepesi, na gidoni haisikii tena.

Kwa wenye XTZ ao DT ambao wanataka kushusha moto: usishushe nyuma peke yake. Ukishusha nyuma, pandisha na ile miguu ya mbele ndani ya vishikio vyake kwa kiasi kinacholingana, uangalie gurudumu lisigonge gardebu. Kisha fupisha bekiye, maana moto iliyoshuka na bekiye ndefu inasimama wima, upepo unaiangusha upande wa pili. Hiki kitu cha mwisho hakuna video iliniambia. Niliambiwa na mtu ambaye moto yake iliangukia mu mtaro.

Manete nilizikuta zimeelekea juu, kama za baiskeli ya mtoto. Papa akaniambia nisimame juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, ninyooshe mikono ku gidoni. Kifundo changu cha mkono kilikuwa kimevunjika kwenda nyuma. Akalegeza bulon, akashusha manete mpaka vidole, mkono na kiwiko vikawa mstari mmoja. Zile bulon hakuzikaza mpaka mwisho. Ziwe ngumu kiasi kwamba manete haizunguki yenyewe, lakini moto ikianguka izunguke badala ya kuvunjika. Manete inauzwa Bukavu. Ukiivunja mbali na muji, utarudi vitesi moja bila ambreyaji, na huko ndiko utajifunza kusali. Upande wa ambreyaji akaacha mchezo wa milimetre 10 hivi mpaka 15 pale kwenye ncha ya manete kabla haijaanza kukaza, akatia mafuta mu kabule mpaka vidole vyangu viwili vikatosha kuivuta. Nilikuwa nadhani nina mikono dhaifu. Kumbe kabule ilikuwa kavu.

Tairi. Taximani wa muji wanajaza tairi inakuwa ngumu kama jiwe, wana sababu yao: wanabeba watu wawili ao watatu juu ya kaburimo. Mimi nikiwa peke yangu mu matope nashusha mpaka kama bar 1.2, tairi inalala kidogo na inashika. Nisishuke zaidi ya pale: tairi zetu ni za shambre, na ikiwa laini sana tairi inateleza juu ya rim, inavuta shambre, inang'oa valve. Siku ya mzigo narudisha kwa namba ya kitabu cha moto. Pompe ya mguu ninayo mu mfuko, pamoja na manometre ndogo. Hiyo ndiyo anasa yangu.

Shene tulitengeneza nikiwa nimekaa juu ya moto, maana shene iliyokazwa moto ikiwa tupu inakuwa kama kamba ya gitaa mtu akikaa. Pinyo hatukugusa, AG haina shida hiyo. Lakini mwenye moto inayosumbuka mlimani anaweza kuweka pinyo ya mbele yenye jino moja pungufu. Kama ilikuwa na meno 14 na ukaweka 13, unapoteza kama asilimia 7 ya mwendo kwa kila vitesi, na unapata karibu kiasi hicho kwa nguvu ya kupanda. Ni kitu cha bei ndogo, kinasaidia kuliko kuongeza CC.

Filtre ya hewa ni sponji. Kiangazi, vumbi la barabara linaingia pale kama unga. Kuiosha, kuikausha, kuipaka mafuta, kuikamua. Watu wanaosha wanasahau mafuta, na sponji kavu inaachilia vumbi lipite mpaka ndani ya injini. Na esansi ya bakadhafi, ile ya bidoni za kando ya barabara, ipitishe ku kitambaa kwanza. Nasema haraka, lakini injini nyingi zinakufa hapo.

Kisha Papa akanifundisha kitu ambacho si cha funguo. Mutu mfupi hasimami na miguu miwili. Kabla moto haijasimama, unatelezesha kitako kimoja nje ya kiti, upande ule ambao ardhi iko juu, na mguu mmoja unashuka wote, soli nzima; mguu mwingine unabaki ku freni. Unachagua mahali pa kusimama kabla ya kufika, vile mtu anachaguaka jiwe la kuvukia mto. Tulirudia mu uwanja wa kanisa mpaka watoto wakachoka kututazama. Mama mmoja aliyepita akauliza kama sikupata bwana wa kunibeba. Papa akamjibu: "Ako anajifunza kubeba huyo bwana."

Mwezi uliopita ofisi nyingine iliniita kwa testi. Uwanja tofauti, moto ileile: XTZ 125, sentimetre 84. Niliomba dakika tano na ufunguo namba 10. Mwenye kusimamia alitazama saa, akamtazama mwenzake. Akauliza: "Ni ya nini?" Nikamwambia manete ziko juu sana kwangu, nitazirudisha nikimaliza. Alinipa. Wale wengine walisimama wakitazama, hakuna aliyecheka, na mmoja wao, kijana mrefu, aliomba ufunguo baada yangu.

Kwenye mlima nilisimama na mguu wa kushoto, upande wa juu, kitako nje. Moto ilitikisika mara moja, ikatulia. Nikaanza tena. Injini ilitaka kuzimika, haikuzimika. Majibu wamesema yatatoka kisha juma mbili, na leo ni siku ya kumi na moja.